Tembeza Farasi, Ama Ulipe Dola Mbili

Juu ya mlango wa daraja la Cornish–Windsor kuna kibao ambacho kwa Kiswahili chetu kingesomeka hivi: tembeza farasi wako, ama ulipe faini ya dola mbili. Farasi wenyewe siku hizi huwaoni. Wanaopita hapo ni Subaru zenye matope, pikapu za mafundi na, ikifika Oktoba, msafara wa watalii wanaoendesha kwa mkono mmoja huku mwingine ukitafuta simu. Lakini kibao bado kiko, na sababu yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kuishi kwenye fleti iliyo chini ya jirani mwenye watoto wanaoruka kamba usiku. Tatizo si uzito, ni mdundo. Farasi wakikanyaga mbao kwa mwendo mmoja wa kukimbia, daraja zima huanza kuwaitikia, linatikisika, na kila mtikisiko unalegeza kidogo viungo vinavyolishikilia. Kwa hivyo pole pole, bana. Dola mbili enzi hizo hazikuwa hela za kuchezea.

Daraja lenyewe linavuka mto Connecticut, kati ya mji wa Cornish, New Hampshire, na mji wa Windsor, Vermont. Lilijengwa mwaka 1866. Sakafu ya mbao, kuta za mbao, paa juu, urefu wa mita 137 hivi, na katikati ya mto kuna nguzo moja tu ya mawe. Ukiingia ndani ni kama umeingia ghala refu la mahindi ambalo mtu alisahau kuziba upande wa pili. Macho yanachukua muda kuzoea giza. Halafu unaanza kuona boriti, zimepishana kama wavu, kulia na kushoto, mpaka mwisho kabisa ambako kuna kijimraba cha mwanga chenye ukubwa wa stempu.

Mimi naishi Lowell, Massachusetts. Kama una shangazi Marekani huenda jina hilo si geni kwako, maana Wakenya tuko wengi hapa: utapata unga wa ugali dukani, utapata ibada ya Kikuyu, utapata mtu wa kukusuka. Kazi yangu ni ya usiku, kwenye nyumba ya kutunza wazee, na siku zangu za mapumziko huangukia katikati ya wiki wakati wenzangu wote wako kazini. Ndiyo nikaanza kuzunguka. Mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia, seremala mstaafu kutoka Vermont, aliniuliza usiku mmoja kama najua kwa nini madaraja ya kwao yalijengewa paa. Nikasema ni theluji. Akacheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya kifua chake. Swali hilo humuuliza kila mgeni, na karibu kila mgeni hujibu hivyo hivyo.

Basi tuanze hapo kwenye paa. Si la kumkinga abiria. Si la kuwaficha farasi mto ili wasiogope, ingawa hadithi hiyo utaisikia kila mahali, wala si la wapenzi kubusiana gizani, ingawa walibusiana, na ndiyo maana madaraja haya yana jina la utani linalohusu mabusu. Paa ni la kukinga mbao. Mbao ikikaa na unyevu unaozidi asilimia 20 hivi, kuvu huanza kuila kutoka ndani, na adui mkubwa ni kwenye viungo, pale maji yanapoingia na hayatoki. Daraja la mbao lisilo na paa, katika nchi ya mvua na theluji, lingedumu miaka kumi, kumi na tano, labda ishirini ukibahatika. Lenye paa linaweza kufika miaka mia na zaidi. Ukiangalia vizuri, kile kinachoonekana kama nyumba ni koti tu. Daraja halisi ni ule wavu wa boriti ulio ndani ya koti.

Watu wa sehemu nyingine walilijua hili zamani. Luzern, huko Uswisi, wana daraja la miguu lenye paa la tangu karne ya 14, na China wana yao. Lakini Marekani wazo hili lilikuja na tarehe na majina. Timothy Palmer alikuwa fundi kutoka Newburyport, mji ulio kwenye mdomo wa mto Merrimack, mto huu huu unaopita hapa Lowell. Alijenga daraja kubwa la mbao kuvuka mto Schuylkill, Philadelphia, likamalizika mwaka 1805. Jaji Richard Peters, aliyekuwa akiiongoza kampuni iliyomiliki daraja hilo, akasisitiza lifunikwe. Palmer akaafiki. Watu wakaliita Daraja la Kudumu, jina la kujiamini kweli kweli, na kuanzia hapo mtindo ukasambaa.

Halafu akaja Ithiel Town, na huyu nampenda kwa sababu alikuwa mjanja. Town alikuwa msanifu majengo wa Connecticut. Mwaka 1820 alisajili hataza ya kiunzi cha wavu: chukua mbao za kawaida, zilaze mshazari upande huu, nyingine mshazari upande ule, na kila zinapokutana, toboa, piga misumari minene ya mbao ya mwaloni. Basi. Hakuna haja ya boriti kubwa za kutafutwa msitu mzima, hakuna haja ya fundi mkuu wa kuchonga viungo vigumu. Kijiji chochote chenye kiwanda cha kupasua mbao na maseremala wa kujenga ghala kingeweza. Wanasema alitoza dola moja kwa kila futi ya daraja, na akikupata umejenga kimyakimya bila ruhusa, dola mbili. Yaani jamaa aliuza mchoro, akaacha wengine watoke jasho. Leo tungemwita mtu wa teknolojia.

Bela Fletcher na James Tasker, waliojenga la Cornish–Windsor, walichukua wazo la Town lakini badala ya mbao nyembamba wakatumia boriti nene zilizochanjwa na kupachikwa zinapopishana. Waliliunga kwanza uwanjani, upande wa Windsor, wakahakikisha kila kitu kinaingia mahali pake, ndipo wakalipeleka mtoni. Gharama yote: dola 9,000. Lilikuwa mali ya kampuni binafsi na ukivuka unalipa. Jimbo la New Hampshire lililinunua mwaka 1936, na ushuru ukaendelea kutozwa hadi 1943.

Kwa nini New Hampshire peke yake, wakati daraja lina miguu miwili? Hapa Mkenya anatabasamu. Mwaka 1764 mfalme George wa Tatu, akiwa London, aliamua kwamba mpaka ni ukingo wa magharibi wa mto. Si katikati ya maji, la. Ukingo. Mahakama Kuu ya Marekani ililithibitisha jambo hilo mwaka 1933, kwa kipimo cha mstari wa maji yanapopungua. Kwa hivyo mto wote ni wa New Hampshire, na daraja karibu lote pia. Ukitoka Vermont ukatia mguu kwenye sakafu ya mbao, umeshavuka mpaka kabla hujayaona maji. Mistari iliyochorwa na watu ambao hawakuwahi kufika tunaifahamu sisi. Sikujua kwamba na hawa wanayo.

Sasa majira. Kiswahili kinanisumbua hapa. Vitabu huyaita majira ya Septemba hadi Novemba vuli, lakini mimi vuli kwangu ni mvua ndogo, ni matope ya Novemba na matatu kupandisha nauli kwa sababu wingu limetanda. Majira ya kuchipua wanayaita masika. Masika gani haya ya theluji kuyeyuka? Kipupwe angalau kinasikika baridi, ingawa kipupwe cha Limuru mwezi wa saba na kipupwe cha Vermont mwezi wa kwanza ni ndugu wa baba tofauti. Nimeamua kutumia miezi.

Oktoba ndiyo watu wanakuja. Miti ya maple inaacha kutengeneza ile rangi ya kijani, manjano iliyokuwa imejificha inajitokeza, na nyekundu inatengenezwa upya kwa siku chache, kisha upepo mmoja unabeba kila kitu. Ni kweli kwamba inapendeza. Daraja la Taftsville, la mwaka 1836, lina rangi nyekundu yenyewe, na miti ikiwaka nyuma yake unaona kwa nini watu wanaendesha gari saa tano kuja kulipiga picha. Lakini kusema ukweli, Oktoba ni mwezi mbaya wa kuliona daraja. Unaona migongo ya watu. Unaona foleni. Hakuna anayeingia ndani. Wote wanataka lile koti, na yule mwenyewe aliyevaa koti hakuna anayemsalimia. Siku moja pale Taftsville nilihesabu watu thelathini na mmoja nje, ndani tulikuwa mimi na njiwa.

Kuna filamu ya 1995 ya mapenzi kwenye madaraja ya Iowa ambayo ilichangia ushabiki huu. Moja ya madaraja yale, Cedar Bridge, lilichomwa na mtu mwaka 2002, likajengwa tena, likachomwa tena mwaka 2017, likajengwa tena. Moto ni adui ambaye paa haliwezi kumzuia. Kiberiti kimoja tu cha mtu mwenye wazimu au mwenye uchungu.

Januari ndiyo mwezi wangu. Hakuna mtu. Mto umeganda pembeni, katikati kuna ukanda mweusi wa maji unaoenda bila sauti. Unafunga mlango wa gari na mlio wake unasikika mpaka ng'ambo. Ndani ya daraja hakuna theluji, na hapo ndipo penye kichekesho ambacho yule seremala alikuwa akinisubiri nifike. Enzi za farasi, magari ya Januari hayakuwa na magurudumu. Watu walisafiri kwa sleji, zenye vyuma vya kuteleza chini. Sleji inateleza vizuri barabarani, halafu inafika kwenye daraja lenye paa, sakafu kavu kabisa, vyuma juu ya mbao tupu. Hapo haiendi. Kwa hivyo mji ulimlipa mtu kubeba theluji kwa koleo na kuitandaza ndani ya daraja! Unajenga paa kuzuia theluji isiingie, kisha unaajiri mtu aiingize. Ilikuwa ni kazi rasmi, yenye malipo, iliyoandikwa kwenye vitabu vya hesabu vya miji. Babu yake seremala, aliniambia, aliifanya, na familia nzima ilijua usiku wa theluji kwamba babu hatalala.

Nilipenda hilo kwa sababu ya babu kutolala. Na mimi silali. Kuna kazi nyingi za dunia hii ambazo zinafanywa usiku ili asubuhi watu wapite bila kujua kuna aliyefanya kitu.

Ndani ya daraja Januari unapata pia nafasi ya kusoma kuta. Zamani mahali palipokuwa na kivuli na watu wanaopita polepole palikuwa mahali pa matangazo: sarakasi, dawa za mgongo, dawa za farasi. Mengi yamepotea. Kilichobaki ni majina yaliyochongwa kwa kisu, herufi mbili mbili na alama ya kujumlisha katikati. Mikono ile ile iliyochonga dawati lako la shule ya msingi.

Machi na Aprili huku wanayaita majira ya matope, na wanayahesabu kama majira ya tano, kwa uzito kabisa. Zaidi ya nusu ya barabara za Vermont hazina lami. Ndiyo, Marekani. Ardhi ya juu inayeyuka, ya chini bado imeganda, maji hayana pa kwenda, na barabara inageuka uji. Siku moja nilikwama kwenye njia ya kwenda kuliona daraja la West Dummerston na jamaa akaja na trekta kunivuta. Aliniuliza kama nimewahi kuona matope hivi. Nikamwambia mimi natoka mahali ambapo tunasukuma basi, tunalipa nauli, na tunashukuru. Akanipa sigara. Sivuti, lakini niliichukua.

Barafu ya mto inapovunjika mwezi huo, haiyeyuki kwa adabu. Inapasuka vipande vikubwa kama mabamba ya zege, vinasukumana, vinabanana kwenye nguzo, maji yanapanda nyuma yake, na kitu fulani lazima kiachie. Mahali liliposimama daraja la Cornish–Windsor yalikuwapo matatu kabla yake: la 1796, la 1824 na la 1849. Yote yalichukuliwa na mto. La 1866 ni la nne, na ninapolitazama mwezi wa tatu, maji ya rangi ya chai ya rangi yakipita karibu na tumbo lake, huwa silioni kama kitu cha kale. Naliona kama jaribio ambalo bado linaendelea.

Mafuriko makubwa ya Vermont yalikuja tarehe 3 na 4 Novemba 1927. Watu 84 walikufa, akiwemo naibu gavana wa jimbo. Madaraja zaidi ya 1,200 yalibebwa, ya chuma na ya mbao, na mengi ya yale yenye paa yaliondoka siku hizo mbili. Baada ya hapo jimbo likajenga kwa chuma na zege, na ilieleweka. Nchi nzima ilikuwa na maelfu ya madaraja yenye paa katika karne ya 19. Leo hayafiki elfu moja, na kama mia moja kati ya hayo yako Vermont.

Kisha tarehe 28 Agosti 2011 ikaja dhoruba ya Irene. Hii imerekodiwa. Unaweza kuitazama video sasa hivi: daraja la Bartonsville, la mwaka 1870, linasimama juu ya mto Williams ambao si mto tena, ni ukuta wa maji ya kahawia. Halafu upande mmoja unazama. Linakaa hivyo kidogo, kama mtu anayefikiria. Halafu linaenda zima, paa na yote, na anayeshika kamera analia. Siku ile ile, New York, likaenda daraja la Blenheim la 1855. Lile hadithi yake ni kwamba mjenzi, Nichols Powers, siku ya kuondoa magogo yaliyolitegemeza alipanda akakaa juu kabisa ya paa, miguu ikining'inia. Likianguka, naye yumo. Halikuanguka kwa miaka 156.

Ninachotaka uone ni kilichofuata Bartonsville. Zege lingekuwa rahisi. Lingetosha magari. Lakini watu wa pale walitaka mbao, wavu wa Town, paa, kila kitu, na wakachangisha pesa. Daraja jipya, limerefushwa kidogo na kuinuliwa, lilifunguliwa mwaka 2013. Nilisimama ndani yake mwezi wa nne, mbao bado zina rangi ya mkate, na nilikuwa na hisia mbili ambazo hazikupatana. Ya kwanza, heshima. Ya pili, sitaficha, ilikuwa wivu. Kwetu kulikuwa na daraja la miguu, magogo mawili na mbao, ambalo tulivukia kwenda shule. Mvua za Aprili 2024 zililibeba. Mama alinitumia picha kwa WhatsApp, mto na kipande cha kamba. Watoto wanazunguka kilomita nne. Hakuna aliyerekodi video likienda, na hakuna mtalii aliyewahi kulipiga picha. Diwani amekuja mara mbili. Amepima.

Huwezi kulinganisha, najua. Nchi ile ina pesa. Lakini usiniambie ni pesa tu, maana kijiji cha watu wachache kingeweza pia kuchukua zege na kunyamaza.

Basi Julai. Julai daraja la West Dummerston, la mwaka 1872, mita 85 hivi, linageuka kuwa ufuo wa bahari. Chini yake mto West ni mpole, kuna mawe makubwa, na vijana wanaogelea siku nzima huku magari yakinguruma juu ya mbao kama radi ya mbali. Hapa ndipo unapoona daraja likitumika bila kuabudiwa. Kuna nguo zimeanikwa, kuna watermeloni imetiwa majini ipoe.

Mafundi hufanya kazi miezi hii, na ukibahatika utawakuta. Niliwakuta wawili mahali fulani wakibadilisha mbao za sakafu, nikauliza swali la kitoto: kama mnabadilisha kila kitu, hili ni daraja la zamani kweli? Mmoja akanitazama kama ambavyo mama hunitazama nikiuliza kama sufuria yake ni ile ile baada ya kuwekewa mkono mpya. Akaniambia sakafu huliwa, ndiyo kazi ya sakafu, na paa hivyo hivyo. Muhimu ni kwamba mtu anajua kuitengeneza. Hapo ndipo penye hatari halisi, kwa maoni yangu. Mwishoni mwa karne ya 20 waliojua kazi hii walikuwa wachache mno. Milton Graton wa New Hampshire alikuwa mmoja, na mwaka 1969, mwaka wa mtu kutua mwezini, alijenga daraja jipya la wavu mjini Woodstock, Vermont, kwa misumari ya mbao, akalivuta kuvuka mto kwa ng'ombe. Si kwa maonyesho. Alisema ng'ombe huvuta taratibu, bila kushtua mbao. Lile la Cornish–Windsor lilipofanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 1989, gharama ilikuwa takriban dola milioni 4.45. Lilikuwa limejengwa kwa 9,000.

Nilikuwa nimefikiri hadithi yangu inaishia kwenye bili hiyo. Lakini Julai iliyopita niliamua kuufuata mto wenyewe kuelekea kusini, mpaka unapokaribia bahari, na hapo mambo yakabadilika.

Windsor, upande wa Vermont wa daraja, ni mji ambao mwaka 1777 katiba ya Vermont iliandikwa, ya kwanza katika eneo lile kupiga marufuku utumwa wa watu wazima. Wanajivunia, na wana haki. Mto ule ule ukiufuata kilomita mia mbili na zaidi, karibu na mdomo wake huko Connecticut, kuna mji unaoitwa Deep River, na jirani yake kijiji kinachoitwa Ivoryton. Yaani mji wa pembe. Pembe za ndovu. Katika karne ya 19 kampuni mbili za hapo, Pratt, Read na Comstock, Cheney, zilitengeneza vitana na hasa vibao vya piano kwa Marekani yote, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilitoka Zanzibar. George Cheney mwenyewe aliishi Zanzibar akinunua pembe kabla ya kurudi na kuwa mshirika. Na Zanzibar zilifika vipi? Mabegani. Kutoka Tabora, Ujiji, Manyema, miezi na miezi kwa miguu, wengine wapagazi wa kulipwa, wengine watumwa ambao baada ya kutua mzigo nao waliuzwa.

Malipo yalikuwa nini? Kitambaa. Edmund Roberts, mfanyabiashara kutoka Portsmouth, New Hampshire, alifunga mkataba na Seyyid Said mwaka 1833, na pamba nyeupe iliyofumwa katika viwanda vya New England ikaingia bara kwa wingi hivi kwamba lugha yetu ikaipa jina la nchi ilikotoka: merikani. Bibi yangu alisema merikani maisha yake yote bila kuwaza kwamba ni Amerika. Mimi nalipa kodi ya nyumba kwenye mji uliojengwa kwa ajili ya viwanda hivyo vya pamba, pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini. Nyumba yangu ni ghorofa ya tatu ya kiwanda cha zamani. Sakafu ni ya mbao nene, na ukikimbia inadunda.

Sisemi daraja la Cornish lilijengwa kwa pesa ya pembe. Sina ushahidi huo na silihitaji. Ninasema mto ni mmoja. Mwaka 1866, Fletcher na Tasker wakiunga boriti zao uwanjani, vita vya kumaliza utumwa kusini vikiwa vimeisha mwaka mmoja tu, chini kabisa ya maji hayo hayo mtu alikuwa akipasua pembe kuwa vipande vyembamba kama kadi na kuvipanga kwenye nyumba za vioo ili jua livifanye viwe vyeupe. Jumba la Pratt, Read pale Deep River sasa limegeuzwa makazi. Kuna maua dirishani.

Pale kazini kwangu, sebuleni, kuna piano ya zamani ambayo hakuna anayeipiga isipokuwa Krismasi. Niliporudi kutoka Deep River niliikagua saa tisa usiku kwa tochi ya simu. Vibao vya pembe halisi utavijua kwa mstari mwembamba sana unaokikata kila kibao cheupe kwa upana, mahali vipande viwili vilipounganishwa, na ukiinamisha mwanga utaona michirizi kama ya mbao. Vyote vilikuwa navyo. Vimeanza kuwa manjano, maana pembe ikikaa gizani hubadilika rangi, hivyo siku hizi nikimaliza kupanga dawa za asubuhi huwa naacha kifuniko wazi.